Chipsi Kavu za Kihonda

Tangu masika yaanze nimekwenda mara kumi na moja kwenye mgahawa mmoja wa mtaani kwetu, Kihonda, mjini Morogoro, na mara zote kumi na moja nimeagiza kitu kilekile: chipsi kavu za 2,000, chumvi kidogo, kachumbari kwenye kisahani chake, tomato ibaki kwenye chupa. Kufikia safari ya nne mhudumu alikuwa hasubiri tena nikae. Akiniona tu navuka mtaro anageukia jikoni na kupaza sauti: "Kavu ya dada!"

Nilikuwa na sababu ya kurudi. Watu wetu wanajua sana kuhukumu chakula. Mtu anatoka harusini Jumamosi, na Jumatano bado anasimulia kwamba pilau ya pale ilizidi maji na nyama ilikuwa ya kuhesabu. Ugali tunaujua ulioiva na tunaujua uliobabaishwa. Wali ukiwa na kokoto moja, mtaa mzima utapata habari. Lakini chipsi, ambazo usiku hazikosekani kwenye kona yoyote ya mji huu, tunazila macho yakiwa kwenye mpira, na tukiulizwa zilikuwaje tunajibu, "Poa tu." Yule kijana anayesimama mbele ya mafuta ya moto kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa tano usiku hapati hata sentensi moja ya maana kuhusu kazi yake. Nimeona mimi nimwandikie.

Niliagiza kavu kwa makusudi. Chipsi mayai naipenda, nimekulia kwenye hiyo tunayoiita zege, na nikiwa na njaa ya kweli ndiyo ninayoagiza mpaka leo. Ila yai linasitiri mambo mengi. Kiazi kilicholala kabatini tangu mchana, ukikimwagia mayai mawili na kukigeuza kwenye kikaango, kinaamka kama hakijawahi kulala. Tomato nayo inasitiri, na pilipili inasitiri zaidi. Mkaangaji anajulikana kwenye sahani isiyofunikwa na kitu.

Mgahawa wenyewe una meza nne za plastiki ndani na mbili barazani. Jiko liko mbele kabisa, kando ya barabara, mahali ambapo kila anayepita analiona. Kuna majiko mawili ya mkaa na makarai mawili, na pembeni kabati la vioo lenye taa ndani. Hayo makarai mawili ndiyo yaliyonivuta tangu siku ya kwanza, kwa sababu mabanda mengi ninayoyajua yana moja. Nitayarudia.

Nianze na zinavyokuwa zikiwa nzuri. Nenda saa kumi na moja jioni, siku ambayo si ya mechi. Viazi hapa vinakatwa kwa kisu, hawatumii mashine, kwa hiyo vipande havilingani: vingi vina unene wa kidole cha mwisho, vichache vimekonda kama penseli. Zikimwagwa kwenye sahani unazisikia. Zina mlio mkavu, kama changarawe zikianguka kwenye bati. Rangi yake ni ile ya hindi la kuchoma kabla halijaanza kushika moto. Ukiuma, ganda la nje linavunjika kwa meno ya mbele bila kuvutana, na ndani unakuta kiazi laini, kikavu, cha unga, kinachotoa mvuke. Vile vyembamba vimekauka mpaka katikati, na mimi huvitenga pembeni nivile mwisho. Chumvi anaitupia chipsi zikiwa bado kwenye kijiko cha matundu, zinang'aa mafuta, kwa hiyo inashika. Wengi huinyunyiza sahanini chipsi zikishapoa, na chumvi yote inaishia chini, unamaliza kula ndipo unaikuta.

Kwa jioni kama hiyo sina neno la kuongeza. Ni chipsi bora kuliko nilizowahi kula kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani.

Sasa nenda palepale saa tatu usiku, siku ya mpira.

Nilikwenda mara tatu wakati huo, na mara tatu nililetewa sahani ambayo ningeapa imetoka kwa mtu mwingine. Mara mbili zilikuwa zimelegea, zimekunywa mafuta, ukiinua moja inainama katikati na ncha inadondosha tone. Mara ya tatu zilikuwa kinyume: ngumu nje kama ngozi iliyokauka, ndani tupu, kiazi kimesinyaa kikaacha uwazi. Viazi vilikuwa vya gunia lilelile, mafuta yaleyale, mkono uleule. Hapo ndipo niliposogeza kiti changu barazani nikaanza kuangalia makarai.

Karai la kwanza lina moto wa wastani. Viazi vinapotoka kwenye ndoo ya maji (maji anayabadilisha mara mbili, mpaka yaache kuwa meupe kwa wanga), vinatandazwa kwenye ungo wenye kitambaa vikauke, kisha vinaingia humo. Havikaangwi vikaisha. Vinaiva ndani tu, vinatoka vimepauka na kulegea, ukiviona unaweza kudhani ameviharibu. Vinaachwa vipoe. Mteja akiagiza ndipo vinapoingia karai la pili, lenye moto mkali, kwa dakika chache, na huko ndiko ganda linakojijenga. Wabelgiji, watu wanaoziheshimu chipsi kuliko taifa lolote ninalolijua, hufanya hivyohivyo: mara ya kwanza kwenye mafuta ya nyuzijoto kama 150, wanazipumzisha, mara ya pili kama 180. Kijana wetu hana kipimajoto. Anatupia kipande kimoja, anasikiliza, halafu anaongeza au kupunguza mkaa kwa koleo.

Kule kupumzika katikati ndiko kunakobeba kila kitu. Mvuke unatoka, uso wa kiazi unakauka, na uso mkavu ukikutana na mafuta makali unapiga ganda mara moja. Siku ya mpira watu thelathini wanaagiza kwa pamoja wakati wa mapumziko ya mechi, na hakuna wa kuvisubiri viazi vipumzike. Karai linajazwa kupita kiasi, mafuta yanapoa, kiazi kinaanza kunywa mafuta badala ya kutoa maji. Hizo ndizo zile zilizolegea. Halafu, kwa kuogopa foleni ya pili, anakaanga nyingi mpaka ziive kabisa na kuziweka kabatini chini ya taa. Ukizitaka, anazichovya tena kwenye mafuta zipate moto. Hizo ndizo zile ngumu zenye uwazi ndani, maana kiazi kilichokwisha kuiva kabisa kikikaangwa upya kinatoa maji yaliyobaki na hakuna kingine cha kutoa.

Kwa mwenye haraka, zile nzuri za jioni na hizi ngumu za kabatini zote zimekaangwa mara mbili. Mdomoni ni vitu viwili tofauti. Kama kuna jambo moja ningependa mwenye mgahawa alisikie kutoka kwangu, ni hilo: siku ya mechi aandae nusu nyingi, yaani zile zilizopita karai la kwanza tu, tangu mchana, akazitandaza zikapoa, na kabati aliachie soseji.

Nilimwambia. Ni mama wa makamo, anakaa kwenye kaunta na daftari la madeni. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikamweleza kwa adabu kwamba chipsi za jioni na za usiku ni kama za migahawa miwili. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, nusu zikibaki usiku nazitupa wapi?" Sikuwa na jibu. Nusu hazilali mpaka kesho. Mwenye biashara anaogopa kutupa kuliko anavyoogopa kulalamikiwa, na kwenye daftari lile nililiona jina la zaidi ya mmoja wa waliokuwa wanakula pale.

Mwezi wa nne likatokea jambo jingine. Nilikwenda saa yangu nzuri, saa kumi na moja, hakuna mechi, na sahani ikaja nyeusi. Pembeni zimeungua, katikati zimelegea, na kwenye ulimi kuna utamu fulani wa sukari ambao chipsi haipaswi kuwa nao. Wazo la kwanza lilikuwa la kila mtu: mafuta ya zamani. Nikanyanyuka kwenda kuangalia. Mafuta yalikuwa meupe, hayana povu, hayatoi moshi.

"Dumu nimefungua jana, dada," kijana akaniambia kabla sijauliza. "Hapo tatizo viazi."

Akachukua kimoja kutoka kwenye gunia, akakisugua kwa dole gumba. Ganda likatoka lote, jembamba, kama utando wa maziwa. "Umeona? Kiazi kilichokomaa hakivui nguo hivi. Hiki kimeng'olewa kitoto."

Ilibainika anajua anachokisema. Ni mtu wa Mgeta, amezaliwa huko juu Uluguru, na viazi alivilima kabla hajavikaanga. Kwenda kwao unaacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, unaanza kupanda, na hewa inabadilika mpaka unatafuta sweta. Huko ndiko zinakotoka kabichi, njegere na viazi vingi vinavyoshuka mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa mjini. Bei ikipanda, alinieleza, mkulima mwenye shida hasubiri. Ada ya shule haisubiri kiazi kikomae. Anang'oa, anauza, na mnunuzi wa mjini anaona gunia limejaa tu.

Kiazi kichanga kina maji mengi na sukari ambayo bado haijageuka kuwa wanga. Maji yanaifanya chipsi ilegee, na sukari inaungua kabla ndani hakujaiva, ndiyo ule weusi na ule utamu. Ndiyo maana pia kiazi kilichokaa kwenye friji hakifai kwa chipsi hata kama kilikuwa kizuri siku ya kwanza, kwa kuwa baridi inageuza wanga kuwa sukari. Nimewaona dada na wifi zangu wakihifadhi viazi kwenye droo ya chini ya friji na kulaumu mafuta. Viwekeni mahali pakavu penye kivuli na hewa, pasipo mwanga, maana mwanga nao huvigeuza kijani na kijani kile ni dalili ya sumu.

Zile nyeusi niliziacha sahanini. Sikuziacha kwa sababu ya ladha peke yake. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo inashukiwa kuleta saratani, na kadiri chipsi inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyozidi. Rangi ya hindi la kuchoma ambalo halijaungua ni nzuri kwa mdomo na kwa mwili.

Nilimuuliza kwa nini asinunue viazi vya Njombe msimu huo. Malori ya Njombe na Makete yanapita hapahapa, yanatoka Makambako, Iringa, yanakatiza Mikumi, yanafika Morogoro yakielekea Dar es Salaam. Akacheka. "Mama ndiye anayenunua. Na gunia lenyewe lumbesa." Alikuwa na maana ya gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka linazidi kilo 100 ambazo sheria ya vipimo inaruhusu. Tunazoea kusema lumbesa inamwibia mkulima, na ni kweli. Huku jikoni nayo inaacha alama yake. Viazi vya chini kwenye gunia la namna ile vinasagika njiani, vinapata majeraha ya ndani yasiyoonekana mpaka umenye, na kila jeraha linakuwa doa jeusi kwenye sahani ya mtu. Kijana huyu anayakata madoa yote kwa ncha ya kisu, kimoja baada ya kingine. Nilimwangalia akifanya hivyo zaidi ya nusu saa.

Kuhusu mafuta niseme machache. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na baadaye Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa kuuza mafuta ya mawese nje, bei ya dumu ilipanda mpaka nikaacha kabisa kula chipsi za barabarani. Yalikuwa yanarudiwa mpaka yanakuwa rangi ya chai ya rangi, na koo linakuwasha usiku kucha. Mgahawa huu unatumia alizeti, ile ya Singida, na huyabadilisha. Unajua kwa kunusa tu ukiwa bado upande wa pili wa barabara.

Kuna watu wanaosema viazi vyetu havifai kwa chipsi nzuri. Maneno hayo yalinirudia nilipokumbuka Januari ya mwaka huohuo 2022, matawi ya KFC nchini Kenya yalipoishiwa chipsi kwa kuwa yalikuwa yanaziagiza kutoka nje na shehena ilikuwa imechelewa. Kenya, nchi ambayo kiazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi! Wakenya walikasirika, na mimi nilikasirika nao nikiwa huku. Kampuni ilizungumzia viwango vya ubora. Viwango vipo, sikatai: kiazi cha chipsi kinatakiwa kiwe na unga mwingi na maji machache, kiwe kirefu kidogo, kikomae. Lakini sahani ya saa kumi na moja jioni pale Kihonda imetoka kwenye udongo wa Uluguru, kwa mikono ya mtu wa Uluguru, na haikosi hata kimoja kati ya hivyo. Kinachokosekana ni mkulima kuweza kusubiri wiki tatu zaidi, na mnunuzi kumlipa kwa kusubiri huko.

Limebaki suala la kufungiwa chipsi uende nazo nyumbani.

Utoto wangu ulikuwa wa chipsi za kufungiwa. Baba alikuwa anafanya kazi kiwandani, na kila mwisho wa mwezi alirudi na chipsi kwenye mfuko wa nailoni mwepesi, umefungwa fundo, tomato imeshamwagwa humohumo. Mpaka afike nyumbani mvuke ulikuwa umeutia mfuko ukungu na chipsi zimeshikana. Mama alizimwaga kwenye sinia, tukakaa watoto wanne kuzunguka, na zilikuwa laini kiasi kwamba tulizichota kwa vidole vitatu kama wali. Nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba chipsi inaweza kutoa mlio.

Mifuko ile ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na kwa mitaro yetu ilikuwa heri. Lakini vibakuli vya mfuniko vilivyokuja badala yake vinafanya kosa lilelile. Chipsi yenye moto ikifunikwa, mvuke unakosa pa kwenda, unarudi kwenye ganda, na kazi yote ya makarai mawili inaisha kabla bodaboda haijafika mzunguko wa Msamvu. Kwa hiyo safari ya kumi na moja nilimwomba kijana asinifunikie. Akaelewa mara moja. Akachukua mfuko wa karatasi ya kaki, akazimimina humo, akakunja mdomo wa mfuko kwa nje ubaki wazi. "Ushike wima, dada. Usiubane."

Niliupakata mpaka Mji Mpya kwa baba, upepo wa bodaboda ukiingia mfukoni. Nilipofika nikamimina kwenye sahani na zikalia vizuri, karibu kama barazani. Nilikuwa na furaha ya mtu anayepeleka zawadi aliyoifanyia utafiti.

Baba akachukua moja, akaitafuna polepole upande wa kulia, ule wenye meno.

"Za leo ngumu ngumu, mama."

"Ndivyo zinavyotakiwa, baba. Ndizo nzuri."

Hakubisha. Aliniomba nimletee sahani nyingine, nikadhani anataka tugawane. Akaigeuza, akazifunika nayo chipsi zake, akaweka mkono juu na kuanza kuniuliza habari za watoto. Tulizungumza labda dakika kumi. Alipofunua, mvuke ulimpanda kwenye miwani. Akaivua, akaifuta kwa pindo la shati, akamimina tomato juu yote mpaka kingoni, na kunisogezea sahani.